Juu ya Mstari

Hapana mchezo usio na mpaka, na hapana mpaka usio na ugomvi. Watu wawili waweza kuutazama mstari mmoja, kwa wakati mmoja na kwa macho mazima, kisha wakaondoka na shuhuda mbili. Aghalabu ugomvi wa namna hii hudhaniwa kuwa ni wa macho: mmoja ameona na mwingine hakuona. Pengine hudhaniwa kuwa ni wa tamaa, maana kila mtu hupenda kuona limpalo faida. Lakini iko aina ya tatu isiyotajwa mara nyingi, nayo ni ugomvi wa neno. Katika ugomvi huu wote wawili wameona sawasawa, wote wawili wamesema kweli, tena wamesema kwa maneno yale yale. Walakini mmoja wao hudhulumiwa, kwa kuwa neno lina maana mbili na sheria ina maana moja. Ugomvi wa aina hiyo ulitokea Mchombe, katika bonde la Kilombero, mwishoni mwa mchezo wa mpira wa kikapu.

Mchombe iko kusini-magharibi ya Ifakara, mkoani Morogoro, katika njia iendayo Mlimba. Upande mmoja milima ya Udzungwa imesimama kama ukuta. Upande wa pili nchi imelala tambarare mpaka mtoni. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kuunganisha Dar es Salaam na Kapiri Mposhi katika Zambia, yapita katika bonde hilo. Mpunga ndio kazi, ndio chakula, na ndio ada ya shule. Masika yakifika mto hujaa ukavunja kingo zake, na mahali palipokuwa njia huwa maji. Mwaka 2002 bonde hilo liliandikwa katika orodha ya ardhi oevu zenye thamani ya kimataifa, chini ya Mkataba wa Ramsar. Katika nchi ambayo mpaka wa maji na ardhi kavu huhama kila mwaka, mtu hahitaji kufundishwa kwamba mstari hauna nguvu mpaka watu wapatane maana yake.

Uwanja wenyewe ulikuwa wa udongo. Milingoti miwili ilishika mbao za vikapu, na pete za chuma zilikuwa kazi ya fundi wa kuchomelea. Mistari ilichorwa kwa majivu ya pumba za mpunga, yaliyomwagwa kwa mkebe uliotobolewa. Sheria ya kimataifa yataka uwanja uwe na urefu wa mita 28 na upana wa mita 15, upimwe kutoka ukingo wa ndani wa mistari, na kila mstari uwe na upana wa sentimita 5. Majivu hayakujua sentimita. Asubuhi mstari ulikuwa na upana wa vidole vitatu. Adhuhuri, baada ya kukanyagwa, ulikuwa na upana wa kiganja. Jioni palikuwa na mahali ambapo haukuwapo kabisa. Pamoja na hayo, ugomvi wa siku ile haukuzaliwa na ubovu wa mstari. Pale jambo lilipotokea mstari ulikuwa ungali ukionekana, na kila aliyekuwa karibu aliuona.

Timu mbili zilikuwa zikishindania nafasi ya kwenda kucheza Ifakara. Moja ilikuwa ya wanafunzi, na ya pili ya vijana waliokwisha kumaliza shule. Mwamuzi alikuwa mwalimu wa wanafunzi wale, na kwa ajili hiyo alikuwa amejiwekea nadhiri ya kutowapendelea hata kwa nukta moja. Katika ujana wake alisifika kwa mpira wa miguu. Sheria za kikapu alizijua kama watu wengi wanavyozijua: kwa kutazama, kwa kusikia, na kwa kuazima kutoka mchezo alioujua zaidi. Kitabu cha sheria alikuwa nacho, kimeandikwa kwa Kiingereza, lakini kilikaa kabatini.

Zilikuwa zimesalia sekunde chache, na vijana waliongoza kwa pointi moja. Mpira ulimponyoka mwanafunzi mmoja ukaelekea mstari wa pembeni. Mwenziwe, kijana mrefu wa kidato cha nne, aliukimbilia. Alikanyaga ndani ya uwanja, hatua moja kabla ya mstari, akaruka. Aliudaka mpira angani, ng'ambo ya mstari, na kabla hajatua akaurusha nyuma ya bega lake, ukamfikia mchezaji wa timu yake aliyesimama karibu na kikapu. Kisha akaanguka nje, miguuni pa watazamaji. Mchezaji yule alipokuwa bado ameushika mpira, filimbi ilikwisha kulia. Akaurusha hata hivyo, ukaingia. Upande mmoja wa uwanja ukashangilia kikapu ambacho hakikuhesabiwa.

Kijana aliinuka na vumbi mgongoni. "Mwalimu," akasema kwa sauti kuu, "nilikuwa juu ya mstari!"

"Ndivyo nilivyoona hata mimi," mwamuzi akajibu. "Ulikuwa juu ya mstari, na mstari ni nje."

"Sikuukanyaga, mwalimu. Nilikuwa juu."

"Mwanangu, usigeuze maneno. Umekiri mwenyewe mbele ya watu wote."

Mtu mmoja katika watazamaji akapaza sauti, "Mwongo huyo!" Wengine wakacheka. Mjomba wa kijana, aliyekuwa ameacha kuvuna mpunga siku ile ili aje kumtazama mpwa wake, aliinamisha uso. Mchezo ukaisha kwa pointi moja ile ile. Vijana wakajiandaa kwenda Ifakara, na wanafunzi wakarudi nyumbani. Kwa kijana yule ulikuwa mwaka wa mwisho wa shule, na nafasi kama hiyo haikutazamiwa kurudi. Lakini waliomfahamu walisema kwamba halikuwa jambo la Ifakara lililomnyamazisha njiani. Lilikuwa lile neno la mtu asiyemjua, na kicheko kilicholifuata.

Wakati mipira ilipokuwa ikikusanywa, msichana mmoja wa timu ya netiboli alimkaribia mwamuzi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, binti."

"Mwalimu, kwetu sisi ile si nje."

"Kwenu wapi?"

"Kwenye netiboli. Mtu akiruka kutoka ndani, akautupa mpira kabla ya kutua, mpira ni mzima."

Mwalimu alikuwa mtu wa haki. Hakumkemea, alimshukuru, akaenda zake, na jioni ile akafungua kabati.

Ili kosa lake lieleweke, na lisidhaniwe kuwa ni la uvivu tu, yafaa ifikiriwe ardhi ile aliyosimama. Juu ya udongo mmoja watoto wa Mchombe hucheza michezo mitatu, na kila mchezo una sheria yake ya mpaka. Katika mpira wa miguu mstari ni sehemu ya uwanja, na mpira umetoka pale unapokuwa wote mzima umevuka mstari, uwe chini au uwe angani. Hapo hewa nayo ina mpaka: ni kana kwamba ukuta usioonekana umepanda kutoka kwenye mstari mpaka mbinguni. Katika netiboli mstari vilevile ni sehemu ya uwanja, lakini hewa haina ukuta. Mpira hautoki mpaka uguse ardhi, kitu, au mtu aliye nje. Katika mpira wa kikapu hewa haina ukuta kama ilivyo katika netiboli, lakini mstari wenyewe si sehemu ya uwanja. Mstari ni nje. Mchezaji wa kikapu aliyeweka ncha ya kidole cha mguu kwenye majivu ametoka, sawa na aliyesimama hatua kumi mbali.

Basi mwamuzi alikuja na jicho la mpira wa miguu. Aliuona mpira ukivuka ukuta ambao mpira wa kikapu haukuujenga, akapuliza. Msichana alikuja na jicho la netiboli. Habari ya mruko aliipata sawa, lakini kama angeulizwa habari ya kidole kwenye mstari angekosea. Kila mmoja alikuwa na elimu ya kweli, na elimu ya kweli ikihamishwa pasipo kuulizwa huwa chanzo cha hukumu mbaya.

Sheria ya kikapu yasema mambo machache kuhusu mahali pa mchezaji, na hayo machache yatosha. Mahali pa mchezaji ni pale anapogusa sakafu. Akiwa angani, mahali pake ni pale alipogusa mara ya mwisho kabla ya kuruka. Mchezaji yuko nje ikiwa sehemu yoyote ya mwili wake inagusa sakafu kwenye mstari au ng'ambo ya mstari, au inagusa kitu kilichoko huko. Kumgusa mchezaji mwingine hakumtoi mtu. Mpira uko nje ukigusa mtu aliye nje, au sakafu ya nje, au kitu kilichoko nje. Na mpira hutolewa na yule aliyeugusa au kuguswa nao mara ya mwisho kabla haujatoka.

Kutokana na maneno hayo hutoka hukumu ambazo kwa macho zaonekana kinyume. Mchezaji aliyeruka kutoka ndani, akaning'inia mwili mzima ng'ambo ya mstari, yungali ndani mpaka atue. Mchezaji aliyekuwa amesimama nje, akaruka na kuugusa mpira akiwa angani katikati ya uwanja, yungali nje, na mpira umetoka kwa kuguswa naye. Macho humwona wa kwanza nje na wa pili ndani. Sheria husema kinyume chake. Mtu aliyevuka mto Kilombero kwa mtumbwi, katika miaka kabla ya kuzinduliwa kwa daraja la kwenda Ulanga mwaka 2018, angeielewa sheria hii bila mwalimu. Katikati ya maji hakuwa amefika. Alihesabiwa kuwa ni mtu wa ukingo alioutoka mpaka mguu wake ukanyage ukingo wa pili.

Ziko hukumu nyingine za namna hiyo. Mchezaji mwenye mpira akibanwa karibu na mstari, akagusana bega na mlinzi ambaye mguu wake mmoja uko nje, hakutoka, mchezo huendelea. Lakini mpira wenyewe ukimgusa mlinzi huyo, mpira umetoka, na aliyeutoa ni mlinzi, hata kama hakufanya lolote ila kusimama. Mchezaji anayerusha mpira kutoka nje ili mchezo uanze tena hana kosa akiukanyaga mstari, maana mstari ni nje na yeye nje ndiko kwao. Kosa lake ni kukanyaga ndani ya uwanja hali mpira ungali mikononi. Tena kuhusu ulinzi, kanuni za shule za sekondari za Marekani zataka mlinzi anapoanza kusimama mbele ya mwenye mpira awe na miguu miwili inayogusa uwanja. Ikiwa mguu mmoja uko kwenye mstari, hawezi kudai kwamba njia ile ilikuwa yake. Hata mwamuzi hana msamaha: mpira ukimgusa, ni kama umegusa sakafu pale aliposimama. Akisimama kwenye mstari, yeye mwenyewe ni nje.

Katika hukumu zote hizi limo jambo moja, nalo ni kugusa. Na si jambo la jana. Mwezi wa Desemba mwaka 1891, James Naismith alipouanzisha mchezo huu mjini Springfield, Massachusetts, aliuandikia kanuni 13. Kanuni ya mpira uliotoka ilimpa haki mtu aliyeugusa kwanza, akapewa sekunde tano za kuurudisha uwanjani. Matokeo yake wachezaji walikuwa wakikimbilia nje kwa kusukumana, kila mmoja akitaka mkono wake utangulie. Mahali pengi uwanja ulizungushiwa wavu wa waya ili mpira usitoke kabisa, na wachezaji wakapata jina la watu wa kizimbani. Baadaye sheria ikageuzwa: badala ya kumpa mpira aliyegusa kwanza nje, ikamnyang'anya aliyegusa mwisho ndani. Wavu ukaondoka, mstari ukabaki. Sekunde tano zingali zikihesabiwa mpaka leo, katika sheria za Shirikisho la Kimataifa lililoundwa Geneva mwaka 1932. Watu waligeuza nani apewe mpira. Hawakuacha kuuliza nani aligusa.

Mwalimu wa Mchombe aliyasoma hayo kwa taa, na kufikia usiku wa manane alikuwa amekwisha kulikubali kosa la filimbi. Kosa la pili lilimchukua muda zaidi, kwa sababu halikuwamo kitabuni. Lilikuwa katika kinywa cha kijana na katika sikio lake mwenyewe. Kijana alisema, "Nilikuwa juu ya mstari." Katika Kiswahili kitabu kilichokaa mezani kiko juu ya meza, na kunguru apitaye angani pasipo kutua yuko juu ya nyumba. Habari ikiandikwa kuhusu jambo fulani, husemwa imeandikwa juu ya jambo hilo. Maneno mawili mafupi yamebeba kukalia, kuelea na kuhusu, na katika mazungumzo ya kila siku hayaleti taabu, kwa kuwa kila mtu ajua kwamba kitabu hakielei na kunguru apitaye hakukaa. Lakini mchezaji aweza kufanya yote mawili. Aweza kuukalia mstari kwa mguu, na aweza kuelea juu yake. La kwanza ni nje, la pili si nje. Kijana alisema la pili. Mwamuzi na watu wakasikia la kwanza. Aliposahihisha, ikaonekana amegeuza ushahidi.

Kiingereza, lugha ya kitabu kile, kina neno la kitu kilichokalia kingine, na neno jingine la kitu kilichoinuka juu ya kingine bila kukigusa. Sheria yatumia maneno yote mawili katika pumzi moja, inapotaja vitu ambavyo mpira ukivigusa umetoka: kilichoko nje ya mstari, kilichoko kwenye mstari, na kilichoko angani juu ya mstari. Tawi la mwembe lililotanda juu ya mstari ni nje, na mpira ukilipiga umetoka. Lakini mpira upitao hewani mahali pale pale pasipo kuligusa tawi haukutoka. Mfasiri mwenye haraka akiandika kwamba mpira umetoka ukiwa juu ya mstari, atakuwa amegeuza sheria ya kugusa kuwa sheria ya ukuta, na hatajua kwamba ameigeuza. Watu watahukumiwa kwa kosa la mfasiri.

Pengine atatokea mtu wa kusema kwamba basi Kiswahili ni haba. Neno hilo si la haki. Lugha hii ina utajiri wa mahali ambao lugha nyingi zaweza kuutamani. Mchezaji aliye ndani ya mpaka yumo. Aliye mahali panapojulikana, kama pale kwenye majivu, yupo. Aliye upande wa nje usiopimwa, yuko. Silabi moja mwishoni mwa kitenzi yatenga ndani, hapa na huko. Tena kuna kukanyaga, kugusa, kuvuka, kupita, kutua na kuelea, na kila kimoja kina kazi yake. Uhaba haukuwa wa maneno. Ulikuwa wa subira ya kuchagua neno, na subira ni mali ya mtu, si ya lugha. Kama kijana angesema, "Nilielea," au kama mwamuzi angeuliza, "Ulikanyaga wapi mara ya mwisho?" ugomvi ungalikufa papo hapo. Swali lile la pili lina maneno matano tu, na sheria yote ya mpaka imo ndani yake.

Asubuhi mwalimu alikwenda shambani kwa mjomba wa kijana. Wenye shamba walikuwa wakipiga mpunga. Alisalimia, akakaribishwa, akapewa mahali pa kukaa kivulini. Hakuwa na zawadi kubwa ya kutoa, maana sheria ile ile iliyomtia hatiani ilimfunga mikono. Filimbi ya mwamuzi ikilia mpira umekufa, hata kama filimbi imekosea. Na kikapu kilichofungwa baada ya mpira kufa hakifufuki. Hakuweza kusema, "Mlishinda." Angesema hivyo angefanya kosa la tatu ili kuficha la kwanza. Hapakuwa na hakika kwamba mpira ungeingia kama wachezaji wa upande wa pili wasingesimama kwa ajili ya filimbi. Lililokuwa hakika ni dogo, na hilo ndilo alilolisema.

"Mzee," akamwambia mjomba, "jana mpwa wako hakukanyaga mstari. Aliruka kutoka ndani, naye hakuwa ametua. Nilipiga filimbi kwa makosa. Kisha nikamwambia amegeuza maneno, na hakugeuza."

Mjomba alinyamaza kidogo. "Basi hakusema uongo."

"Hakusema uongo. Mimi sikumsikia vizuri."

Kijana alikuwa amesimama karibu, na mganda mikononi. Hakuuliza habari za Ifakara. Aliuliza jambo moja: "Mwalimu, utalisema na uwanjani?"

Hapo ndipo ulipokuwa mzigo. Kumwambia mtu mmoja kivulini kwamba ulikosa ni uungwana. Kuwaambia watu wale wale waliocheka ni gharama. Mwamuzi anayekiri leo hufikiri kwamba kesho kila filimbi yake itabishiwa. Hofu hiyo si ya bure, na waamuzi wengi wameifuata. Lakini upande wa pili wa mizani palikuwa na jina la kijana wa miaka michache, ambalo lingebaki bondeni baada ya pointi ile kusahauliwa. Mwalimu alijibu kwamba atalisema.

Alilisema siku ya mazoezi, mbele ya timu zote mbili na watazamaji waliokuwapo. Hakutoa hotuba. Alimweka kijana mahali pale pale, akamwambia aruke na kuurusha mpira kabla ya kutua, akawauliza watu wote, "Alikanyaga wapi mara ya mwisho?" Wakajibu, "Ndani." Kisha akamweka nje ya mstari, akamwambia arukie ndani na kuudaka mpira angani, akauliza swali lile lile. Wakasita, wakatazamana, kisha wakajibu, "Nje." Nahodha wa vijana walioshinda alikiri kwamba hata yeye alidhani vingine. Yule aliyepaza sauti siku ile hakuwapo, au kama alikuwapo hakujitokeza. Lakini waliocheka walikuwapo wengi, na siku hii hakuna aliyecheka.

Baada ya hayo mwalimu aliandika sheria ya mpaka kwa Kiswahili katika karatasi moja. Maneno "juu ya mstari" hayakuwamo hata mara moja. Aliandika: Mstari ni nje. Aliyegusa mstari ametoka. Aliyeruka bado yuko alikokanyaga mwisho. Mpira hautoki mpaka uguse kitu cha nje. Aliyeugusa mwisho ndiye aliyeutoa. Sentensi ya tatu aliifuta mara nyingi kabla hajaridhika nayo. Msichana wa netiboli aliisoma karatasi, akauliza kwa nini mstari wao ni ndani na wa kikapu ni nje, na mwalimu akamjibu kwamba kila mchezo umepatana hivyo, na kupatana ndiko kunakoutia mstari nguvu. Jibu hilo halikumtosha sana, akaondoka akitikisa kichwa.

Hapa pana funzo kwa wote washughulikao na lugha, hata wasiopata kugusa mpira maishani mwao. Kufasiri sheria si kutafuta neno lifananalo na neno. Ni kuuliza ni jambo gani ambalo sheria inalitazama, kisha kutafuta neno ambalo halitazami jambo jingine. Katika hadithi neno lenye maana mbili ni pambo. Katika sheria ni mtego, na anayenaswa mara nyingi ni mdogo, maana mkubwa anaposema neno lenye maana mbili huulizwa alikusudia nini, lakini mdogo huambiwa alichosema. Katiba, hati za ardhi, mikataba ya kazi na vyeti vya hospitali vyote sasa vyasomwa kwa Kiswahili na watu ambao hawana lugha nyingine ya kukimbilia. Kila mahali humo yumo kijana aliyesema kweli, na yumo mtu mwema aliyemsikia vingine.

Masika yalipokuja mistari ya majivu ilifutika yote, kama kila mwaka. Maji yalipokauka, wanafunzi walitoka na mkebe na kamba kuuchora uwanja upya. Kijana mrefu hakuwa mwanafunzi tena. Alikuwa amejiunga na timu ya vijana waliomaliza shule. Yeye ndiye aliyeshika ncha moja ya kamba. Aliyeshika mkebe akamwuliza amwage majivu upande gani wa kamba, wa ndani au wa nje.

"Wa nje," akasema. "Mstari si wetu."

Majivu yakamwagwa upande wa nje.